Risasi ni ganda, ni kichwa, ama ni mlio? Na anayekosea tumsahihishe?

Mkalimani_Kizimbani

Wadau, hamjambo. Uzi wenyewe ni mrefu, kwa hivyo mwenye chai na aiweke karibu.

Mimi ni mkalimani wa mahakamani hapa Nairobi. Shahidi anasema kwa Kiswahili, mimi nasema kwa Kiingereza, hakimu anaandika. Kinachobaki kwenye jalada si maneno ya shahidi, ni yangu. Mtu akisoma rekodi hiyo miaka mitano baadaye kwenye rufaa, ananisikia mimi akidhani anamsikia shahidi. Nalisema hili mapema ili msinione kama mtu anayecheza na maneno kwa kukosa kazi.

Kulikuwa na kesi ya wizi wa kutumia silaha. Shahidi alikuwa mama anayechoma mahindi kando ya steji. Akasema: "Nilisikia risasi tatu. Watu wakatoroka. Baadaye nikaokota risasi mbili karibu na jiko langu nikampatia afisa." Sentensi nyepesi, hata mtoto angeielewa. Nami nikaitafsiri vivyo hivyo, haraka, na pale kwenye "risasi mbili" nikatumia neno la Kiingereza la kile kichwa kinachoruka na kuua.

Miezi ikapita. Mtaalamu wa silaha akaja na ripoti yake: amepokea maganda mawili ya milimita 9, yaliyokwisha kufyatuliwa. Wakili wa utetezi akasimama kama aliyeona noti ya elfu barabarani. Mheshimiwa, shahidi aliokota vichwa vya risasi, mtaalamu analeta maganda. Vichwa vilienda wapi? Maganda yametoka kwa nani? Nani amegusa vielelezo? Ikabidi mama aitwe tena, apoteze siku nzima ya biashara, na mahindi hayajichomi. Hakukuwa na mtu aliyegusa kielelezo chochote. Nilikuwa nimekosea mimi.

Tangu siku hiyo neno hili halinipi usingizi. Hebu litazameni. "Nilisikia risasi tatu": hapo risasi ni mlio. "Alipigwa risasi mbili": hapo ni vichwa vilivyoingia mwilini. "Bastola ilikuwa na risasi 15": hapo ni kitu kizima, yaani ganda, baruti ndani yake, kichwa mbele, na kile kiduara cha kitakoni kinachogongwa ili moto uwake. "Tuliokota risasi": hapo Mungu ndiye ajuaye. Neno moja, vitu vinne, na Mswahili hajawahi kuchanganyikiwa kwa sababu sentensi yenyewe inamwonyesha njia. Anayechanganyikiwa ni yule anayelivusha mto kwenda lugha nyingine.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mnione kama askari wa maneno. Mwaka jana nilikuwa kwenye matanga. Kijana alikuwa amepigwa risasi, na baba yake anasimulia, sauti inakwama kwamba "walikuja na AK-47." Jamaa mmoja aliyeketi karibu na sufuria ya chai akaingilia: "Mzee, hiyo haikuwa AK, kwa maelezo yako hiyo ni G3." Mzee akanyamaza. Akaangalia kikombe chake. Hakumaliza hadithi, na hakuna aliyemuuliza tena. Jamaa pengine alikuwa sahihi. Mimi bado nikimwona mjini navuka barabara.

Kwa hivyo nauliza: wapi unasahihisha, na wapi unafunga mdomo?

Shabaha_Safi

Dada, shukrani kwa uzi, ila mimi nitakuwa mkali. Nina leseni, naenda kulenga shabaha mara kwa mara, na kila wiki nasikia upuuzi. Watu wanaita magazini "klipu". Klipu ni kipande cha bati kinachoshika risasi ili uzisukume zote ndani ya magazini kwa mkupuo mmoja. Ile Lee-Enfield ya zamani ya Waingereza ilijazwa hivyo, klipu ya risasi tano, kisha tano tena. Magazini ndiyo yenye springi inayopandisha risasi kuelekea chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi inayosubiri kufyatuliwa. Ni vitu viwili.

Watu wanadhani herufi AR kwenye bunduki ya AR-15 zinamaanisha bunduki ya kivita. Hapana, zinatokana na kampuni ya ArmaLite iliyoibuni kabla ya kuuza haki zake kwa Colt mwaka 1959. Na "sailensa", kile chombo cha kufungwa mdomoni mwa mtutu! Hakuna kitu kinachonyamazisha bunduki, kinapunguza mlio tu. Tusipowasahihisha, ujinga unageuka kuwa sheria. Mbunge asiyejua tofauti ya bunduki inayomimina risasi ukishikilia kifyatulio na ile inayotoa moja kila unapokibonyeza atatunga nini?

Dogo_wa_Umo

Sisi huku tunaita bunde. Ama mchuma. Hakuna mtu amewahi kuuliza ni ya mwaka gani 😂

Mkalimani_Kizimbani

@Shabaha_Safi kwa mbunge nakubali mia kwa mia. Anayeandika sheria hana ruhusa ya kubahatisha. Lakini kaka, kwa hilo la sailensa umejikwaa. Aliyekitengeneza na kukiuza kile chombo ni Mmarekani Hiram Percy Maxim, alipata hataza yake mwaka 1909, na jina alilokipa yeye mwenyewe ni hilohilo la sailensa. Baba yake ndiye wa ile bunduki ya rashasha ya Maxim iliyotembezwa Afrika nzima enzi za ukoloni. Huyo mwana alitengeneza pia vya kupunguza makelele ya injini. Kwa hivyo kijana wa nduthi pale Umoja anayeng'oa sailensa ili pikipiki ilie kama ndege ya kivita anatumia neno lenye ukoo halali. Kusema kwamba haiui mlio wote ni kweli. Kusema kwamba jina ni kosa si kweli.

Na hii ndiyo shida yangu na wasahihishaji wengi: nusu ya masahihisho yao ni ya Kiingereza. Yule mzee wa matanga alikuwa anazungumza Kiswahili. Hiyo vita ya klipu na magazini imepiganwa kwenye lugha nyingine, inaletwa kwetu na kontena. Muulize mama wa mahindi tofauti ya klipu na magazini atakwambia klipu ni ya nywele.

Nikiwa hapohapo kwenye magazini: neno hilo limetoka kwa Waarabu, makhazin, yaani maghala, likapita Italia na Ufaransa ndipo likarudi kwetu limevaa suti. Sisi tayari tulikuwa na ndugu yake wa damu: hazina. Mzizi ni mmoja. Kwa hivyo askari anayebeba magazini anabeba hazina ya risasi, na hata hajui.

Dawati_la_Usiku

Mimi ni mhariri, zamu za usiku, gazeti silitaji. Mada hii inanigusa pabaya kwa sababu sisi wa habari ndio wenye dhambi kubwa kuliko mzee wa matanga.

Chukua "bunduki aina ya AK-47". Mwandishi akiiona magazini iliyopinda kama ndizi basi, AK-47. Lakini AK-47 yenyewe, ya Mikhail Kalashnikov, ni ya mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1959 Wasovieti waliibadilisha wakatoa AKM, nyepesi zaidi, mwili wake ukiwa wa bati lililokunjwa badala ya chuma kilichochongwa. Wachina nao walikuwa na yao, Type 56. Nyingi zinazoitwa AK-47 duniani ni hizo mbili na binamu zake. Je, nibadilishe kichwa cha habari saa tano usiku? Sibadilishi. Msomaji akisoma AK-47 anaelewa bunduki ya familia ya Kalashnikov, na hicho ndicho alichohitaji kujua. Nikiwa na uhakika naandika "bunduki ya Kalashnikov" nalala vizuri.

Inayonichekesha ni "bastola aina ya Ceska". Tumeandika hivyo hadi imekuwa sala. Ceska ni neno la Kicheki, na maana yake ni "ya Kicheki". Jina kamili ni Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki. Sisi tumekata tukachukua kivumishi tukaacha kiwanda. Ni kama mtu wa Prague aandike kwamba mwizi alikamatwa na panga aina ya "la Kikenya". Lakini hebu jaribu kumwambia ripota wa mahakamani kwamba si Ceska. Hata hati ya mashtaka imeandika Ceska!

Ninaposahihisha bila huruma ni hapa: "polisi walifyatua risasi hewani" wakati mtu amekufa kwa risasi ya kifuani. Hilo si suala la istilahi za bunduki, najua, lakini limejificha mlemle. Na siku za maandamano ya Juni 2024 nilikataa kabisa kuandika "risasi" peke yake. Ilikuwa ya mpira ama ilikuwa halisi? Nenda ukaulize, kisha urudi. Hapo neno moja linabeba tofauti ya jeraha na jeneza.

Mtani_wa_Arusha

Majirani, sisi huku mtu akipigwa risasi vijana wanasema amekula shaba. Naona nyie mmebaki na risasi tu, hamjapanda daraja 😄

Bin_Kibokoni

Asalaam aleikum. Naishi Eastleigh sasa ila nimezaliwa Mombasa, na nawaona mwaomba maji hali mmesimama kisimani.

Dada mkalimani, neno unalolitafuta tunalo. Ni kiasi. Wazee wetu waliposema "viasi vya bunduki" walikuwa na maana ya hicho kitu kizima: baruti iliyopimwa, imefungwa pamoja na risasi yake. Kiasi, yaani kipimo. Zamani mwenye gobore alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia, akatia risasi ama marisau, vile vipira vidogo vidogo, kisha akaweka fataki ya kuwasha baruti. Ilipokuja bunduki iliyojazwa kwa nyuma na vitu vilivyopimwa tayari, wakaiita bunduki ya viasi. Kamusi za zamani zinalo neno hilo. Nyinyi mmelitupa.

Na risasi asili yake si bunduki hata kidogo. Ni madini. Kwa Kiarabu ni rasas, yale madini mazito laini ya kijivu. Ndiyo maana penseli ikaitwa kalamu ya risasi. Kwa hivyo mtani wa Arusha asijigambe: kichwa cha risasi ya kisasa kiini chake ni hayo madini na gamba lake la juu ni la shaba. Yeye ametaja koti, sisi tumetaja mwili.

Bunduki je? Bunduq kwa Kiarabu ni kokwa fulani dogo la mviringo, kisha likawa jina la kidonge kilichorushwa kwa upinde. Na mji wa Venice Waarabu huuita al-Bunduqiyya. Wako wanaosema silaha ilichukua jina kutoka kwa mji, wako wanaosema kutoka kwa kokwa. Mimi ni wa kokwa.

Mzinga ndio wenye raha. Ni gogo lililotobolewa ndani likaangikwa mtini kwa ajili ya nyuki. Mtu akaona chuma chenye shimo kama hilo, akakiita mzinga. Rais mstaafu Moi alipozikwa Februari 2020 alipigiwa mizinga 19, wala hakuna aliyekimbia nyuki.

Dogo_wa_Umo

Babu, huku Umo mzinga ni chupa. Na ukimpiga mtu mzinga umemwomba pesa. Sasa kama jeshi lilipiga mizinga 19 nani alitoa hiyo pesa 😂😂

Mkalimani_Kizimbani

@Bin_Kibokoni umeniua na hicho kiasi. Nimeliandika. Lakini nifikirie mimi kizimbani: "Shahidi aliokota viasi viwili." Hakimu atauliza viasi viwili vya nini, unga? Neno likishakufa mdomoni mwa watu, ukilitumia mahakamani unakuwa umeongeza giza juu ya giza. Mashahidi wangu wanatoka Dandora na Kawangware, na wengi hawajawahi kukiona Kibokoni cha Mombasa hata kwa picha.

AfandeMstaafu

Nimewasoma wote kimya kimya. Nimekaa kwenye kazi miaka mingi, sasa nafuga kuku. Nitasema mambo mawili matatu.

Kwanza, yule jamaa wa matanga alikosa adabu, lakini tofauti aliyoitaja si ya kupuuza. G3 na hizo Kalashnikov zote watu husema ni "7.62". Ni kweli, upana wa ndani ya mtutu. Lakini ganda la G3 lina urefu wa milimita 51 na la Kalashnikov milimita 39. Hayaingiliani. Shahidi akisema risasi ilikuwa "ya 7.62" hajasema kitu bado. Kuna lingine ambalo mimi hulitumia. Chemba ya G3 ina mifereji midogo ndani ili ganda lisikwame. Ukiokota ganda lililotoka humo utaona mistari ya masizi imelizunguka, imesimama kwa urefu kama milia ya punda. Nikiwa kazini nilikuwa naweza kulitambua nikiwa nimesimama, bila kuinama. Kwa hivyo, dada, lile ganda ulilolifanya kuwa kichwa ndilo linaloongea. Kichwa mara nyingi kimeharibika, kimegonga ukuta kikawa kama chapati. Ganda limebaki na alama ya pini iliyoligonga na alama ya ndoana iliyolivuta nje.

Na hapo "bastola" inahitaji kusahihishwa pia. Kiswahili kinaita bastola ile yenye magazini kwenye mpini na pia rivolva, ile yenye kile kipipa kinachozunguka. Rivolva haitupi maganda. Yanabaki ndani mpaka mwenyewe ayamwage. Shahidi akisema rivolva, na mwingine akaokota maganda palepale, mpelelezi anatakiwa kujikuna kichwa. Kuna siku tulizunguka wiki mbili kwa sababu ya neno hilo moja, na aliyelikosea alikuwa mmoja wetu, tena mwenye cheo.

Pili, kuna neno moja ambalo nikilisikia sitajali ni matanga ama ni harusi, nitalisahihisha. Ni "haina risasi". Mtu ametoa magazini, anaishika juu, anasema bunduki haina risasi. Magazini imetoka, sawa. Iliyo ndani ya chemba je? Hiyo imekaa inakungoja. Unatoa magazini kwanza, unavuta nyuma, unatazama ndani, unaingiza kidole. Ukifanya kinyume, ukavuta kwanza ndipo utoe magazini, umejipakia nyingine mwenyewe. Nimezika mwenzangu kwa sababu ya hayo maneno mawili.

Shabaha_Safi

Afande, heshima. Hilo la mwisho hata mimi kwa mwalimu wangu wa kulenga lilikuwa somo la kwanza.

Nakubali matanga si mahali. Lakini bado nasema mtu akikosea mtandaoni, hadharani, na mwenyewe anajifanya mjuzi, nitamrekebisha. Juzi mmoja hapa aliandika kwamba shotgani ya 20 ni kubwa kuliko ya 12 "kwa sababu 20 ni nyingi". Nimwache?

Bin_Kibokoni

Huyo usimwache 😂 Chukua ratili moja ya risasi (madini, si hizo zenu), uigawe vipira 12 vilivyo sawa. Upana wa kipira kimoja ndio upana wa mtutu wa namba 12. Ukigawa 20 vipira vinakuwa vidogo, na mtutu mdogo. Tazama, hata hapo bila kujua kwamba risasi ni madini hesabu haielezeki.

Dawati_la_Usiku

Basi anayejifanya mjuzi asahihishwe, aliyefiwa aachwe. Tatizo ni sisi tulio katikati, tunaobeba maneno ya watu. Mkalimani, siku hizi unafanyaje shahidi akisema "niliokota risasi"?

Mkalimani_Kizimbani

Siruhusiwi kumuuliza shahidi swali langu mwenyewe. Nikifanya hivyo nimekuwa wakili. Kwa hivyo nageuka kwa hakimu: Mheshimiwa, neno alilotumia shahidi lina maana zaidi ya moja, naomba lifafanuliwe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo wakili mmoja alinitazama kama kwamba kiti kimezungumza. Sasa wamezoea. Kuna hakimu ambaye shahidi akitaja risasi ananiangalia mimi kwanza, kabla sijafungua mdomo.

Na nikipewa ruhusa sitaji ganda wala kichwa, kwa sababu nikilitaja nimemlisha neno. Anaulizwa tu: kilikuwaje?

Dogo_wa_Umo

Sasa mathe wa mahindi aliporudi alisema nini? Umetuacha hapo kwa wakili na noti ya elfu.

Mkalimani_Kizimbani

Wakili alimuuliza kwa ukali: ulituambia uliokota risasi, sasa tunaambiwa ni maganda, ukweli ni upi? Hakimu akamwambia mama aeleze tu alichookota. Mama akainua kidole gumba na cha shahada, akaacha nafasi kama ya punje mbili za mahindi, akasema: "Si kalikuwa kakopo. Kakopo ka risasi, kako wazi huku juu. Nilikashika kakanichoma nikakaangusha kwa makaa, ikabidi nikatoe na koleo."

Nikatafsiri kakopo. Wakili akaketi.